WALI TU PIKIA: Uhakiki wa Orodha za Maneno Zinazofungashwa Ndani ya Programu Huria

Makala haya yanahakiki kitu ambacho ni nadra kuhakikiwa katika kurasa za jarida letu. Si riwaya, si tamthilia, wala si diwani. Ni faili. Faili lenyewe lina orodha ndefu ya maneno ya Kiswahili, neno moja katika kila mstari, na kazi yake ni kuiambia kompyuta neno gani lipigiwe mstari mwekundu na lipi liachwe lipite. Halina jalada, na wengi wanaolitumia hawajui hata kuwa lipo. Hata hivyo, ndani ya chumba cha kompyuta faili hili lina sauti kubwa kuliko ya mwalimu, na kwa sababu hiyo tumeona linastahili kusomwa kwa makini kama tunavyosoma kitabu cha sarufi.

Chimbuko la makala haya ni mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na Ntinda, ambako wanachuo wetu huenda kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa anachapa insha kuhusu ziara ya kijijini kwa bibi yake. Akaandika kwamba walipofika, shangazi zao walitupikia matoke na kuku. (Kosa la nafsi katika sentensi hiyo tuliache, tulilishughulikia siku nyingine.) Neno "walitupikia" likapigiwa mstari mwekundu. Mwanafunzi akalitazama, akafikiri kidogo, kisha akaweka nafasi baada ya "wali". Mstari mwekundu ukabaki chini ya kipande kilichosalia. Akaweka nafasi nyingine baada ya "tu". Mstari ukatoweka. Nilipomuuliza kwa nini amefanya hivyo, alijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nikiyaachanisha, rangi inaondoka."

Basi kiwambo kikabaki na maneno matatu: wali tu pikia. Wali ni chakula. Tu ni "pekee". Pikia ni amri. Yote matatu yamo katika orodha, na kwa macho ya mashine hakuna kosa hata moja. Ndugu msomaji, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tunajua ni miaka mingapi tumehangaika na "ana soma", "nime kuja" na "hawa jafika". Kosa la kutenganisha viambishi ni miongoni mwa makosa ya kwanza tunayosahihisha kwa kalamu nyekundu. Sasa kalamu nyekundu imehamia kwa mashine, nayo inamwadhibu aliyeunganisha na kumsamehe aliyetenganisha.

Kabla ya kuilaumu mashine, tueleze orodha hiyo ilifikaje pale. Programu iliyotumika haikununuliwa. Ni programu ndogo ya mazoezi ya kuandika iliyotengenezwa na kikundi cha wanachuo wetu kwa kushirikiana na walimu wawili, mwandishi wa makala haya akiwa mmoja wao. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Kama zilivyo programu nyingi za aina hiyo, haikuandikwa yote na wenyewe. Sehemu ya kukagua tahajia ilichukuliwa kwa watu wengine, sehemu ya kuchora herufi kwa wengine tena, na orodha ya maneno ilichotwa kutoka mkusanyiko mmoja huria uliokuwa ukizunguka kwenye diski mweko. Vyote vikafungashwa pamoja katika folda moja, na folda ikapelekwa shuleni.

Vipande hivyo vya kuazima huitwa maktaba katika Kiswahili cha kompyuta. Istilahi hii inastahili kuhojiwa. Maktaba tunayoijua ni mahali. Asili yake ya Kiarabu inahusu kuandika, na mtu huenda hapo, huazima kitabu kimoja, hukisoma na kukirudisha. Kitabu kikipatikana na kosa, mkutubi hubandika karatasi ya masahihisho na kila msomaji anayefuata huiona. Maktaba za kompyuta zinaweza kutumika kwa namna hiyo: nakala moja iwekwe kwenye mashine, na programu zote ziitumie. Lakini maktaba iliyofungashwa haiko hivyo hata kidogo. Hiyo ni fotokopi. Kila programu imejitolea nakala yake na kuiweka uvunguni mwa kitanda. Anayejua vibanda vya Wandegeya ataelewa upesi: mhadhiri anasahihisha kitini chake mwezi wa pili, lakini vitini vilivyonakiliwa mwezi wa kwanza vinaendelea kusomwa hadi siku ya mtihani, tena vinanakiliwa upya kutoka nakala mbovu.

Istilahi ya pili ni mbaya zaidi. Kile ambacho programu inakihitaji ili ifanye kazi, waandishi wengi wa Kiswahili hukiita "tegemezi". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuona kosa hapa. Kishazi tegemezi ni kile kinachotegemea kingine. Mtoto tegemezi ni yule anayelishwa. Kwa hiyo, tukiiita orodha ya maneno "tegemezi", tunasema kwamba orodha inaitegemea programu, wakati ukweli ni kinyume chake: programu ndiyo tegemezi, na orodha ni tegemeo. Kiambishi tamati -o kinatupa kitu kinachotegemewa, kama vile pambo na funiko zinavyotupa kitu kinachotumika. Kwa maoni yangu hili si suala la ladha. Anayeziita maktaba zake tegemezi huanza kuziona kama watoto wadogo waliomo chini ya ulinzi wake, wasio na wazazi kwingine. Anayeziita mategemeo hujiuliza nani anazishikilia, na akiziachia itakuwaje. Katika makala haya tutatumia "tegemeo", na tunawasihi wanafunzi wanaoandika tasnifu za istilahi walifikirie.

Sasa tuisome orodha yenyewe. Udhaifu wake mkuu ni kwamba ni orodha bapa: inaorodhesha maneno kamili bila kanuni. Kwa Kiingereza mtindo huo unavumilika, kwa sababu kitenzi kimoja kina maumbo manne au matano. Kwa Kiswahili haiwezekani. Tuchukue kitenzi kimoja tu, pika, na tuhesabu. Viambishi vya nafsi na ngeli vinavyotofautiana kwa umbo ni 14: ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa. Viambishi vya njeo na hali tuchukue vinane: na, li, ta, me, ki, ka, nge, ngali. Viambishi vya yambwa ni 13, na kile cha kujirejea ji kinafanya 14. Ukiongeza uwezekano wa kutokuwa na yambwa unapata 15. Zidisha: 14 mara 8 mara 15 ni 1,680. Kweli, mengi kati ya hayo hayasemeki na mtu mwenye akili timamu. Hakuna aliyewahi kuona vitu vikitupika. Lakini hatujagusa ukanushi, hatujagusa urejeshi, hatujagusa dhamira tegemezi. Na hatujagusa mnyambuliko: ingiza kauli ya kutendea peke yake, pikia, na hesabu inakuwa 3,360. Hicho ni kitenzi kimoja. Mtu aliyeketi na kuandika "walitupikia" katika orodha angelazimika kuandika pia "walimpikia", "watatupikia", "ametupikia", na angezeeka kabla hajafika herufi ya r.

Wala haikuwa kwamba maarifa ya kufanya vinginevyo hayakuwapo. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa nadharia yake ya mofolojia ya viwango viwili, na mwenzake Arvi Hurskainen akaitumia kwa Kiswahili na kujenga kichanganuzi kinachoitwa SWATWOL, kinachotenganisha viambishi vya kitenzi kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo kompyuta imekuwa ikiweza kulichambua neno kama "walitupikia" kabla wengi wa wanafunzi wetu hawajazaliwa. Kilichokosekana ni maarifa hayo kufika katika programu huria za kawaida, zile zinazotumika shuleni.

Upande wa programu huria, kifaa kinachotumika sana ni Hunspell, kilichoandikwa na László Németh wa Hungaria. Lugha ya Kihungaria nayo ni lugha ya viambishi vingi, ingawa vyao hukaa mwishoni mwa neno. Hunspell ilijengwa juu ya msingi wa MySpell, iliyokuwa ndani ya OpenOffice hapo awali, na leo imo ndani ya LibreOffice, Firefox na programu nyingine nyingi. Inafanya kazi kwa mafaili mawili: moja lina mashina ya maneno, la pili lina kanuni za viambishi. Kwa kawaida inakubali tabaka moja la viambishi awali na matabaka mawili ya viambishi tamati. Hii inamfaa Mhungaria. Kwa Mswahili ni kinyume, maana mzigo wetu uko mbele ya shina. Lakini ipo amri moja inayoandikwa juu ya faili la kanuni na kugeuza mpango huo, ukapata matabaka mawili ya mbele na moja la nyuma. Hapo mwanafunzi wa mofolojia anaweza kufanya jambo la maana: aunganishe nafsi na njeo kuwa kiambishi kimoja (wali-, tuna-, nita-), ambavyo kwa hesabu yetu ni 112, na yambwa ziwe tabaka la pili, 14. Kanuni 126 zinafanya kazi ya maneno 1,680, tena si kwa pika peke yake bali kwa kila kitenzi cha mpangilio huo. Vitenzi vya silabi moja vitasumbua, na m itabidi iwe mw mbele ya irabu, lakini Hunspell inaruhusu masharti ya aina hiyo. Hiyo ni tasnifu nzuri ya shahada ya kwanza inayosubiri mwenyewe.

Je, tulifanya hivyo? La hasha. Na hapa uhakiki unawageukia wahakiki. Tulipoona tatizo la "walitupikia", tulifanya lile lililokuwa rahisi: tulifungua faili ndani ya folda ya programu yetu na kuongeza maneno kwa mkono. Tulifanya hivyo majioni kadhaa, katika chumba cha mwenzetu mmoja nyuma ya barabara ya Ntinda kuelekea Kiwatule, umeme ukikatika na kurudi. Tuliongeza vitenzi, tukaongeza majina ya mahali ili mtoto wa hapa asiambiwe kuwa Ntinda na Kyambogo ni makosa, tukafuta machache tuliyoona yana hitilafu ya tahajia. Hatukuandika popote tulichobadilisha. Hatukuandika nakala ilitoka wapi, ni ya toleo gani, wala ya tarehe gani. Muhula uliofuata mwanachuo mmoja mwenye bidii akapata toleo jipya la mkusanyiko ule, akalibandika juu ya la zamani, na majioni yetu yote yakapotea kwa mbofyo mmoja. Hakuwa na kosa. Hakukuwa na kitu chochote cha kumwonya kwamba faili lile si la watu wengine tena, bali ni nusu letu na nusu lao.

Hili ndilo kosa la msingi katika kutunza mategemeo yaliyofungashwa, na halihusu Kiswahili peke yake. Ukiazima kitu na kukirekebisha ndani ya nakala yako bila kumwambia mwenyewe, umejitwika kazi ya kukirekebisha milele, na umewanyima wengine wote marekebisho hayo. Mwezi Machi 2002 ilibainika kasoro ya usalama katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data. Kuirekebisha maktaba yenyewe hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa kwamba programu nyingi zilikuwa zimejifungia nakala zao binafsi, na kila moja ilibidi itafutwe na kurekebishwa peke yake. Desemba 2021 hali ilijirudia kwa kishindo zaidi na Log4j: taasisi nyingi duniani hazikujua kama zinayo au hazinayo, kwa kuwa ilikuwa imefichwa ndani ya vifurushi vilivyofichwa ndani ya vifurushi vingine. Hatusemi kwamba neno lililopotea lina hatari sawa na mlango uliofunguliwa kwa wezi. Tunasema njia ya kosa ni ile ile.

Wapo watakaosema: basi msifungashe chochote, acheni programu ivute mategemeo yake kutoka intaneti inapowekwa. Ushauri huo hutolewa na watu ambao intaneti yao haikatiki. Hapa kwetu serikali iliweka kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku mwaka 2018, na ilipoiondoa Julai 2021 iliweka mahali pake kodi ya asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Shule yenye kompyuta kumi na mbili na mwalimu mmoja wa kompyuta haiwezi kujenga somo juu ya kitu kinachohitaji kuvutwa kutoka ng'ambo kila kinapowekwa. Na hata kwenye intaneti ya kasi mambo huharibika: Machi 2016 kipande cha msimbo chenye mistari 11 tu, kiitwacho left-pad, kiliondolewa na mwenyewe kutoka hazina ya npm, na miradi mingi iliyokuwa ikikitegemea ikashindwa kujengwa. Aidha, jipya si lazima liwe bora. Mwaka 2024 ilifichuliwa kwamba matoleo mawili mapya ya xz yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Waliobaki na toleo la zamani walisalimika. Kwa hiyo kufungasha si dhambi. Mkoba wa safari hufungashwa. Dhambi ni kufungasha bila kujua umetia nini.

Mifano ya kufuata ipo. LibreOffice, ambayo ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010, inabeba maktaba nyingi za watu wengine, lakini inazitunza kwa utaratibu: kila maktaba ya nje inahifadhiwa kama ilivyotoka kwa mwenyewe, na mabadiliko yanayohitajika yanawekwa pembeni kama viraka, kila kiraka na faili lake. Maktaba ikitoka upya, unabadilisha kitambaa na kujaribu kama viraka bado vinakaa. Isitoshe, anayejenga programu anaweza kuchagua kutumia nakala iliyofungashwa au ile iliyomo tayari katika mfumo wake. Debian, kwa upande wake, ina sera kali zaidi: nakala zilizofungashwa ziepukwe, na programu zitumie maktaba moja ya pamoja. Sipendelei upande mmoja moja kwa moja. Kwa chumba cha kompyuta cha shule, njia ya LibreOffice inanivutia zaidi, kwa sababu inampa mtu nakala mkononi na bado inamlazimisha kuweka kumbukumbu.

Katika LibreOffice hiyo hiyo, kamusi za tahajia zimewekwa katika hazina ya peke yake, kila lugha na folda yake. Ya Kiswahili inaitwa sw_TZ. Ni zao la miaka ya 2000, enzi za harakati za kuifanya OpenOffice iseme Kiswahili, ambazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliziongoza kupitia mradi wa Kilinux na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Tuwape heshima yao. Watu wale walifanya kazi wakati ambapo wengi wetu tulikuwa bado tunabishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi, na wakaiacha kazi yao wazi ili wengine waiendeleze. Kama haikuendelezwa kwa kasi iliyostahili, lawama haiwahusu wao. Inawahusu walioinakili, sisi tukiwamo, na kuirekebisha kila mtu chumbani kwake.

Herufi mbili za mwisho, TZ, nazo zinasema jambo. Katika CLDR, hazina ya data za lugha inayobebwa na maktaba ya ICU na kupitia kwake kuingia katika simu na kompyuta nyingi, Kiswahili kina matawi ya Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tawi la Uganda lina mambo machache, alama ya shilingi yetu ikiwa mojawapo. Nisieleweke vibaya: sidai Kiswahili sanifu cha Uganda kilicho tofauti na cha pwani. Lakini bunge letu liliipa lugha hii hadhi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, mtaala mpya wa sekondari ya chini ukaifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili mwaka 2020, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hii. Watoto wengi watakaa mbele ya kiwambo na kuandika Kiswahili kwa mara ya kwanza maishani mwao, wengi bila kuwa na mtu nyumbani wa kuwaambia kwamba "walitupikia" ni neno moja. Kwao mstari mwekundu ndio mzungumzaji mzawa.

Ndiyo maana inatupasa tujiulize nani anaamua kilichomo. Neno mtaala nililoliandika hapo juu, wapo wanaoliandika mtalaa. BAKITA, BAKIZA na TATAKI wana nafasi yao katika kuamua, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina yake. Faili la maneno halingoji uamuzi wa yeyote kati yao. Aliyeliandika ameamua tayari, na aliyelinakili ameuthibitisha uamuzi huo bila kujua. Nimeona walimu wakibadilisha tahajia yao wenyewe, iliyo sahihi, kwa kuwa mashine imeikataa. Hao ni watu wenye shahada.

Baada ya hasara ile tumeanza upya, safari hii kwa nidhamu. Orodha iliyotoka kwa wengine imerudishwa kama ilivyokuwa na hairuhusiwi kuguswa. Kando yake kuna faili la maelezo linalosema ilitoka wapi, toleo gani, tarehe gani, na leseni yake ni ipi. Hili la mwisho tulilipuuza mwanzoni, ingawa leseni nyingi huria zinataka jina la mwandishi na masharti yake yasafiri pamoja na kazi. Marekebisho yetu yamo katika faili jingine, na kila neno lina sababu yake kwa mstari mmoja: "limekosekana", "tahajia", "jina la mahali". Yale yanayowafaa Waswahili wote tunayapeleka kwa wenye orodha. Yale ya hapa petu, kama majina ya mitaa ya Kampala, tunabaki nayo. Kazi ya kanuni 126 imeanza kwa vitenzi vya kawaida, na vile vya silabi moja vimetushinda kwa sasa: mashine yetu inakubali "anala" na kukataa "anakula", jambo lililowachekesha sana wanachuo wa mwaka wa pili.

Mwanafunzi wa "wali tu pikia" amekwisha kupanda kidato. Insha yake tumeihifadhi, kwa ruhusa yake, kama kipimo: kila tunapobadilisha kanuni tunaipitisha ndani ya programu na kuhesabu mistari myekundu. Wanaotaka kuyaona mafaili hayo wafike ofisi ya idara siku ya Alhamisi baada ya mhadhara wa mofolojia, na waje na diski mweko zao, kwa kuwa hatuna za kuazimisha.